Taji Langoni

Mfalme alipofariki, mdogo wake Gualtiero alikuja na jeshi kumpokonya kiti cha enzi Violante, binti pekee wa marehemu. Washauri walimsihi atorokee mlango wa nyuma. Yeye akaamuru lango kuu lifunguliwe, akatoka peke yake, taji mikononi.

Aliliweka juu ya mawe, mbele ya farasi wa Gualtiero.

"Ulimwapia baba kwamba utanilinda," alisema kwa sauti iliyowafikia askari wote. "Kama umesahau, baba mdogo, shuka ulichukue."

Gualtiero akashuka. Aliinama, akanyoosha mkono, kisha akasita. Nyuma yake askari mmoja alivua kofia ya chuma akapiga goti, halafu mwingine. Violante hakurudi nyuma hata hatua moja.