Kata Moja kwa Kila Hori

Bi Sikudhani alimchotea pumba Doa, ng'ombe wake wa maziwa wa Kifriziani aliyezaa karibuni, kata moja. Akamchotea na Kunazi, ng'ombe wa kienyeji, kata moja. Ndivyo alivyowalisha siku zote, na ndivyo alivyowalea wanawe. Lakini Kunazi alizidi kunenepa, na Doa mbavu zilimtoka, mpaka Shebe, mwanawe mkubwa, akamwita mchinjaji.

"Kalogwa huyu, mama," alisema Shebe. "Tumuuze angali anasimama."

Bwana mifugo, ambaye Bi Sikudhani alimwita kwanza, alimpapasa Doa nyonga, akainama kunusa pumzi yake, iliyonukia kama tunda lililoiva kupita kiasi.

"Hakulogwa. Ana njaa."

"Njaa? Wanakula sawasawa, mwanangu. Mimi sibagui."

"Ndiyo shida yenyewe, bibi. Kunazi akila, mwili wake unajiwekea akiba. Mwili wa huyu haujui kujiwekea. Sukari ya damuni inakimbilia kwenye kiwele, na isipotosha, anajila mwenyewe ili maziwa yatoke. Mwongeze chakula, atasimama vizuri."

Shebe alimtazama mama yake, ambaye mifupa ya mabega ilionekana chini ya khanga.

"Basi nikamzuie mchinjaji," alisema, akatoka.

Bi Sikudhani alichota kata ya pili. Mkono wake ulisita kati ya hori mbili. Kisha akaimimina yote mbele ya Doa, na kwa mkono mwingine akavuta ncha ya khanga yake, akamfunika Kunazi macho.