Pigo la Baridi

Kifuniko cha birika kilicheza katika giza la alfajiri, na mama akazima jiko bila kuwasha taa. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu ya maabara, macho mazito kama yamemwagiwa mchanga.

Simu ikaita. Akaiweka kwenye spika, huku akimimina maji kwenye beseni la kumwogeshea binti yake wa shule ya chekechea.

"Fundi, pole na uchovu," alisema mkuu wake. "Grafu zetu zinayumba kama mlevi. Ile foili ya mwisho, kabla hatujaikaanga ikawa plazma, uliipiga kwanza kwa leza ya eksirei ikiwa baridi?"

Foili ile, karatasi ya metali nyembamba kuliko ganda la kitunguu, ilikwisha kuwa mvuke. Bila pigo la baridi la kulinganishia, eksirei zilizotawanyika zisingeweza kusema plazma, ile gesi ya moto mkali, ilikuwa na joto kiasi gani, na kazi ya wiki nzima ingekuwa bure. Kwenye fomu, mbele ya pigo hilo, kulikuwa na tiki yake. Usingizi ndio ulioiweka.

Kazi hii aliisomea madarasa ya jioni, miaka minne, mtoto mgongoni.

"Fundi, upo?"

"Nipo, mkuu." Jibu la ndiyo lilikuwa tayari ulimini. "Lile pigo la baridi..."

Binti yake alikuwa amechutama kando ya beseni. Aliunyoosha mkono juu ya mvuke, akaurudisha haraka.

"Mama," alisema kwa sauti, "umesahau ya baridi."