Gamba Lililokosekana

"Fundi, viatu vyako vimenivunja mkono!"

Bi Mwanaidi aliitupa ndara mezani kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji. "Nimeteleza pale kisimani kama niliyekanyaga mlenda."

Fundi Shomvi aliigeuza ndara. Kwenye soli aliiona nakshi yake ya magamba ya samaki, na karibu na kisigino, pengo la gamba moja. Zamani kisu kilimponyoka hapo, na tangu siku hiyo aliliacha pengo lile katika kila jozi ya ndara za tairi aliyoichonga, liwe alama yake. Lakini hii ilikuwa plastiki ya kiwandani. Alipitisha ukucha juu ya mikato. Ukucha haukunasa popote.

"Umenunua wapi?"

"Duka jipya la sokoni. Muuzaji aliapa ni zako. Nikageuza, nikaliona pengo, nikaamini."

"Hawana haya hawa!" Fundi alifoka mpaka mate yakamruka. "Wameiba hadi kosa langu, kina cha mikato wakakiacha! Watu watavunjika viuno kwa jina langu!"

Alinoa kisu, akaanza kuichimba mikato ile mmoja mmoja, kwa hasira, plastiki ikilia. Kisu kilipofika kwenye pengo, kikasimama.

Nje mvua ilikuwa imekatika. Katika tope, kutoka mlangoni kwake hadi kisimani, nyayo za watu ambao hakuwahi kuwapima miguu zilikuwa na pengo lile lile.