Barakoa ya Maua Mekundu

Tangu maradhi yaingie mjini, Zamda na aliyekuwa mumewe walikubaliana binti yao Hidaya akae wiki mbili kwa mama na wiki mbili kwa baba, asiwe anavuka mji kila Jumamosi. Leo alirudi kwa mama. Zamda alimkumbatia mlangoni, kisha akaitazama vizuri barakoa yake ya kitenge chenye maua mekundu.

"Nani kakushonea?"

"Mama mdogo. Na yeye anayo ya hivi hivi. Tumefanana!"

Mama mdogo ndiye mke mpya wa baba yake. Roho ikamuuma Zamda. "Vua. Vua na nguo zote, nizichemshe. Huko mnaumwaumwa."

"Lakini mama, kwetu hakuna anayeumwa."

Kwetu! Zamda akabandika sufuria, akatumbukiza barakoa na nguo za mtoto, na juu yake blauzi yake nyeupe, maana ndiyo aliyomkumbatia nayo. Akachochea moto kama mtu mwenye kisasi na yale maua.

Alipoepua, maua yalikuwa yaleyale. Blauzi ndiyo aliyoiinua ikichuruzika maji mekundu, mabaka kifuani na mikononi.

Hidaya akapiga makofi. "Mama! Sasa na wewe umefanana na sisi!"

Zamda akabaki ameishika, haikamui, haianiki.