Vidonge Vinavyopungua

Jana vilikuwa thelathini. Leo vilikuwa ishirini na saba.

Elineema alivihesabu tena. Kwa miaka minne alikuwa akisaga maganda ya mayai katika chumba hiki cha kupanga, mtaani Mkomaindo, ili atengeneze madini ya kalsiamu ya kuzibia mifupa iliyovunjika. Madini hayo yana ukaidi mmoja: ukizubaa kidogo yanageuka fuwele, na mfupa hauyapokei tena upesi. Yeye aliyatuliza kwa madini mengine, magnesi, akayafinyanga vidonge. Jumatatu wakaguzi wangekuja kuvipima. Vikipungua chini ya ishirini, kazi yote bure. Na katika ndoa ya miaka tisa bila mtoto, kazi hii ndiyo aliyoiita uzao wake.

Ufunguo wa pili alikuwa nao msaidizi wake, mzee Optatus wa Newala. Juzi alionekana akinong'ona na mgeni mwenye gari la kampuni ya dawa.

"Mzee, vidonge vyangu viko wapi?"

Optatus alicheka kidogo. "Mwalimu, mimi nina watoto saba. Kwangu ukuta wa udongo ulimeguliwa mara saba. Sisemi zaidi."

Elineema alifura. Mtu anaulizwa wizi, anajibu habari za ukuta! Jioni alimsimulia mkewe, Leonia, ambaye huwaletea chakula kila mchana.

"Usimsingizie mzee wa watu," Leonia alisema, akisukuma kando sahani ya samaki, kitoweo alichokipenda tangu uchumba.

Hata mkewe alikuwa upande wa mwizi! Usingizi haukuja.

Kesho yake alitangaza kwamba anakwenda Ndanda. Alifika stendi, akarudi kwenye chumba cha kazi kwa mlango wa nyuma, akajibanza nyuma ya kabati. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na leo atakivua.

Saa saba mchana mlango ulifunguliwa. Mfuniko wa chupa ukazungushwa. Kisha akasikia kidonge kikitafunwa, taratibu, kwa raha.

Mwizi gani huyu anayetafuna? Aliruka, akaudaka mkono.

Kando ya bakuli la chakula alilomletea mzee Optatus, ufunguo wa mzee ukiwa bado mlangoni, alisimama Leonia, midomo myeupe.

"Udongo wa kula umeadimika sokoni," alisema, mkono wake mwingine ukiwa tumboni. "Na niliogopa kukwambia kabla ya miezi mitatu."