Unashuka Wapi?

"Unashuka wapi, dada?"

Bi Luo alikuwa ndiyo kwanza amepanda treni, hata kiatu hajavua. Begi begani, simu mkononi, na mzee wa kitanda cha mbele yake ameshaanza mahojiano.

"Xi'an. Mbona, unanifukuza?"

"Aa, nauliza tu." Mzee akacheka, akamsogezea mbegu za alizeti.

Na hakumuuliza yeye peke yake. Tangu treni itoke Lanzhou, Mzee Pang alishapita behewa zima na swali lake. Askari wa kitanda cha juu: Tianshui. Mke na mume wenye mtoto mlizi: Baoji. Kila kituo kilipotajwa, mzee aliitikia kwa kichwa kama anayepiga hesabu moyoni. Ilikuwa mkesha wa Mwaka Mpya, siku ambayo mwenye kwao ameshafika kwao, na vitanda vingi vilikuwa vitupu, mablanketi yamekunjwa. Bi Luo akamwonea huruma. Maskini, anaogopa kubaki peke yake.

"Na wewe, mzee wangu?"

"Mimi mpaka mwisho, Shanghai. Safari ya kumwona binti yangu." Akatoa simu na kumwonyesha tiketi kama anayeonyesha picha ya mjukuu. "Na sijalipa hata yuan moja. Pointi hizi!"

"Pointi za nini? Umecheza mpira?"

"Za treni! Kila ukisafiri wanakuwekea, na sisi wazee wanatuwekea zaidi. Zikitosha, unalala bure mpaka Shanghai."

"Kwa hiyo unakwenda kumwona binti, upate pointi, uende tena kumwona binti."

"Umeelewa vizuri kuliko jirani zangu."

"Na yeye hana pointi za kukupa?"

Mzee akatazama mbegu kiganjani. "Yeye anasafiri kuliko sisi sote humu. Hajawahi kupata hata pointi moja."

Hilo Bi Luo hakulielewa, ila lilimuudhi. "Stesheni anakuja kukupokea?"

"Hajawahi. Ratiba yake ngumu. Hata siku ya kupanda ananichagulia yeye."

"Huyo si binti, huyo waziri! Ningekuwa mimi ningemchapa na uzee wangu huu!"

"Mama, toa mfuko wako njiani."

Mhudumu wa behewa alikuwa amesimama hapo na ufagio: mwanamke mwembamba, kofia imenyooka, uso umefungwa kama duka siku ya sikukuu. "Na wewe mzee, miguu." Mzee Pang akaikunja haraka.

Bi Luo akajaribu kumlainisha. "Kaa kidogo, mwanadada, tafuna mbegu. Leo sikukuu."

"Nikiwa kazini siruhusiwi kukaa na abiria, sembuse kula nao." Akafagia maganda, akaenda zake.

"Loo! Huyo mumewe ana kazi."

Mzee akakohoa. "Labda amechoka tu."

Mapajani alikuwa na bakuli lenye kifuniko, limefungwa taulo mara mbili, na juu yake jozi mbili za vijiti vya kulia. Jiaozi, vile vifurushi vya unga vya kuchemsha, za nyama ya kondoo na karoti, amezikunja mwenyewe alfajiri. Bi Luo aliponyoosha mkono, mzee akalikumbatia bakuli.

"Hizi za binti. Tangu mdogo anakula nyama ya ndani tu, ngozi ya unga ananiachia mimi. Mama yake alikuwa akigomba mpaka basi."

"Sasa zitafika Shanghai zikiwa jiwe. Mwaka jana alizila?"

"Mwaka jana watu walikuwa wengi. Nafasi haikupatikana. Nikarudi nazo."

Tianshui, askari akashuka. Baoji, mtoto akashuka na kilio chake. Wakabaki wawili behewa zima. Nje jua lilikuwa likizama, na katika vijiji fataki zilishaanza. Simu ya Bi Luo ikalia: mwanawe amemtumia hela ya teksi. Wao wako kwa wakwe, watamwona keshokutwa. Akausoma ujumbe mara mbili, kisha akapiga paja.

"Mzee, naongeza nauli mpaka Zhengzhou. Nitakaa nawe, tupige soga, mwaka usikukute peke yako."

Mzee Pang akabadilika rangi. "Hapana, dada! Wewe shuka! Nyumbani wanakusubiri!"

"Hanisubiri mtu."

"Basi... nyumba yenyewe inakusubiri!"

Bi Luo akacheka mpaka machozi. Wanaume na kiburi chao! Akamwita mhudumu. "Nataka kuongeza nauli."

Mhudumu akamtazama yeye, akamtazama mzee, akalitazama bakuli. "Nafasi zimejaa."

"Zimejaa nani? Majini?" Bi Luo akamwonyesha vitanda vitupu.

Mwanamke yule mkali akanyoosha kofia iliyokwisha kunyooka. "Mama," akasema mwishowe, "Xi'an hii hapa. Tafadhali."

Ile tafadhali ilitoka chini, laini, hata Bi Luo akajikuta ameshabeba begi.

Nje baridi ilikuwa ya kukata masikio. Treni ikasogea kidogo, ikasimama tena kungoja njia, na Bi Luo, akiburuta miguu kuelekea lango, akajikuta sambamba na dirisha la Mzee Pang. Akainua mkono ampungie, angalau aagwe na mtu.

Mzee hakumwona. Bakuli lilikuwa wazi. Pembeni yake, kofia mapajani, yule mhudumu alikuwa akipasua jiaozi kwa ncha za vijiti. Akala nyama ya ndani. Ngozi akamwekea mzee.