Kicheko cha Mama Yake Bi Mwanate

Zama hizo, aliyevumbua kitu alitoa kumbukumbu iliyompa wazo. Ilimtoka kichwani kabisa, ikahifadhiwa ili wavumbuzi chipukizi waingie ndani yake wajionee. Bi Mwanate, aliyebuni jokofu la udongo linalopoza maji bila umeme, alitoa yake tangu ujanani. Siku hiyo alimsindikiza mjukuu wake, Saumu, akaione.

Saumu alitoka chumba cha kumbukumbu ameduwaa. "Bibi, nimemwona mama yako. Anaufunga mtungi kwa gunia bichi, maji yanamchuruzikia miguuni, anacheka peke yake."

"Anachekaje?"

Saumu akamwigiza, mabega yakimtikisika. Bi Mwanate akabaki mdomo wazi. Kumbe mama alikuwa akicheka hivyo.

"Hebu rudia, mke mwenzangu."

Saumu akarudia, na Bi Mwanate naye akajaribu, mabega yake ya kizee yakipanda na kushuka. Ghafla macho ya Saumu yakang'aa.

"Bibi, nimepata wazo langu."

"Alhamdulillahi. Limetoka wapi?"

Saumu alimtazama bibi yake usoni, polepole, kama mtu anayekiaga kicheko hicho.